Je, Wajua? Mnazi, Bunduki na Usingizi wa Askari

Mnazi hausubiri mtu. Bia hutaka kiwanda na majuma kadhaa, lakini mnazi huanza kuchacha ungali juu mtini. Mgema hukwea alfajiri na jioni, kotama kiunoni, akapunguza ncha ya karara kwa mkato mwembamba kisha akatundika kibuyu kikinge matone. Utomvu ukitoka ni sukari tupu. Hamira ya asili iliyobaki kibuyuni tangu jana huuvamia papo hapo, na kabla ya magharibi kileo kimefika asilimia 4 au 5, sawa na bia ya chupa. Kesho yake umekuwa mkali wa kukunja uso. Keshokutwa ni siki.

Kwa kuwa hauwekeki, lazima watafutwe wanywaji siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kwa Wagiriama, Warabai, Waribe na Wachonyi kinywaji hiki kimefungamana na watu kukaa pamoja: kadzama, yaani mnazi wa kuposea, matanga, vikao vya wazee, na tone la koma, mizimu ya wazee, linalomwagwa chini kabla mtu hajaugusa mrija. Asiyekuwa na wa kunywa naye huonekana kituko.

Sasa tazama ramani. Mariakani, mji ulioko kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, umo katika Kaunti ya Kilifi na una kambi ya jeshi. Kutoka getini mwa kambi hadi minazi ya Kaloleni ni safari fupi ya matatu. Kijana aliyelelewa Turkana au Bomet, asiyewahi kuona mgema, hujikuta mwishoni mwa wiki ameketi mangweni, penye kilabu cha mnazi, na mrija mdomoni, akiitwa "afande" na watu wasiomjua hata jina. Jina hilo halimtoki tena. Astaafu, aote mvi, anunue shamba la mihogo huko Ganze, bado ataitwa afande.

Zamani askari hawakuja hapa kunywa. Agosti 1914, Ulaya ilipokuwa ikianza kuchinjana, askari wa King's African Rifles walikuwa wakipigana na Wagiriama. Serikali ya kikoloni ilitaka vibarua, kodi, na ardhi yenye rutuba ng'ambo ya mto Sabaki. Viongozi wa Wagiriama, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, walikuwa wamekwisha kukamatwa na kupelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi, nao wakatoroka na kurudi kwa miguu. Kaya Fungo, makao yao matakatifu, ililipuliwa kwa baruti mwezi huo wa Agosti. Wagiriama waliposhindwa wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kutoa wanaume 1,000 wa kazi. Yaani waliokataa kuwa vibarua wa Mzungu ndio waliolazimishwa kumbebea mizigo ya vita.

Upagazi huo uliua kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake, zaidi ya wapagazi 90,000 walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zilipata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Waliorudi hakuna aliyewauliza wanalalaje.

Kulikuwa na "pombe" moja ya vita hivyo isiyolevya hata kidogo. Wajerumani wa kamanda Paul von Lettow-Vorbeck walipokosa dawa za malaria kutoka kwao, walitengeneza kwinini kwa magome ya miti iliyopandwa Amani, Usambara. Walipoipoteza Amani ikabidi wachemshe magome vivyo hivyo porini na kunywa maji yake machungu. Askari wakayabatiza Lettow-Schnaps. Mzaha huo unaonyesha walichokuwa wakikitamani.

Kwa askari na wapagazi hao, beni ilikuwa hospitali bila daktari. Ngoma hii ilizaliwa katika mwambao wa Kenya, Mombasa na Lamu, miaka ya 1890. Vijana waliiga bendi za wanamaji na wanajeshi wa Kizungu: tarumbeta, ngoma kubwa, sare zilizopigwa pasi, gwaride, na vyeo. Alikuwapo mfalme, jenerali, kapteni, hata daktari wa cheo tu. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, askari na wapagazi waliibeba hadi Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vilishindana hadi vita vikaisha na bado vikaendelea kushindana.

Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975, na ukisoma habari zake unaona jambo ambalo maofisa wa kikoloni hawakuliona kwa kuhangaikia kama ngoma hiyo ni siasa. Chama cha beni kilimzika mwanachama wake, kilimuuguza, kilimpokea mgeni aliyeshuka mjini bila ndugu. Mtu aliyekuwa amebebeshwa risasi begani kwa miezi, akichapwa na kila mwenye bakora, Jumamosi alivaa kofia ya kapteni na kuamrisha gwaride lake mwenyewe barabarani mbele ya mabwana wale wale. Leo mshauri nasaha angekiita kikao cha kikundi na kuandika ripoti. Wao walipiga tarumbeta. Sisemi ilikuwa dawa safi: karamu za kushindana ziliwatia watu madeni, na pombe haikukosekana. Lakini aliyelewa pale alilewa mbele ya watu waliomjua, na kesho yake walimtafuta.

Malindi imewahi kupigwa mabomu na Italia. Ilikuwa Oktoba 1940, katika vita vya pili vya dunia, ndege zikitokea Somalia, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Italia. Mji mdogo wa wavuvi na wakulima wa pamba ukaingia vitani bila hodi. 

Kuna Mwitaliano mmoja wa vita hivyo anayefaa kutajwa hapa, ingawa habari yake ni ya bara. Felice Benuzzi alikuwa mfungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki. Kilichomtesa hakikuwa kipigo wala njaa. Zilimtesa siku zisizo na kitu, moja ikifanana na nyingine, hadi watu wakaanza kurukwa na akili. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojiundia kambini kwa siri, wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi wenyewe kujisalimisha. Walifungiwa seli kama adhabu. Anayedhani askari huchanganyikiwa kwa mizinga tu aikumbuke safari hiyo, maana uvivu wa kambini una majeruhi wake.

Meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 na haikufika. Ilikuwa ikipeleka Ceylon wanajeshi, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Japani iliizamisha karibu na Maldives kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300.

Wenzao waliofika walipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapigana katika bonde la Kabaw masika ya mwaka huo, matope magotini, malaria na homa ya tifasi zikiwaandama. Desemba walikuwa wamevuka mto Chindwin. Kisha vita vikaisha, wakapewa nishani na nauli, wakarudi vijijini.

Je, akili zao? Hapa ndipo historia inapoudhi. Daktari mkuu wa wagonjwa wa akili nchini Kenya kuanzia 1938 hadi 1950, mkuu wa hospitali ya Mathari, alikuwa J. C. Carothers. Aliamini kwamba huzuni nzito ni nadra kwa Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu alichoeleza humo kwamba ubongo wa Mwafrika unafanana na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fikiria basi mpiga mizinga aliyenusurika baharini amekuja kwa daktari wa namna hiyo kulalamika kwamba hapati usingizi. Faili lake litaandikwa nini? Kutokuwepo kwa wagonjwa katika madaftari ya zamani hakuthibitishi kwamba wagonjwa hawakuwepo.

Badala ya tiba, askari hao walipewa kitu kingine. Kwa miongo mingi sheria ya Kenya ilimkataza Mwafrika bia ya chupa, akaachiwa pombe za kienyeji na vilabu vya manispaa. Vitani askari aliizoea bia hiyo kantini, sawa na Mzungu. Marufuku ikaondolewa mwaka 1947, miaka 2 tu baada ya vita. Mashamba hawakupata, kura hawakupata, lakini chupa walifunguliwa.

Majeshi makubwa yamewahi kugawa pombe kwa kipimo kama yalivyogawa risasi. Wanamaji wa Uingereza walipewa ramu kila siku hadi tarehe 31 Julai 1970, siku wanayoiombolezea mpaka leo. Jeshi la Stalin liliamriwa mwaka 1941 kuwapa askari wa mstari wa mbele gramu 100 za vodka kwa siku. Wamarekani walipokwenda Saudia mwaka 1990 walifanya kinyume, wakaipiga marufuku kabisa kwa heshima ya wenyeji.

Vita vya Wakenya katika kizazi hiki vilianzia ufukweni. Septemba na Oktoba 2011 Wazungu walitekwa Kiwayu na Manda, kaskazini mwa Malindi, na katikati ya Oktoba jeshi likavuka mpaka kuingia Somalia katika operesheni Linda Nchi. Mwaka uliofuata lilijiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na mwisho wa Septemba 2012 likaingia Kismayu, wanamaji wakitokea baharini. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Wakenya ya El Adde, Somalia, ilivamiwa. Mpaka sasa serikali haijatangaza rasmi idadi kamili ya waliouawa pale. Januari 2017 ikafuata kambi ya Kulbiyow.

Zingatia mzunguko wa askari wa zamu hizo. Yuko miezi mingi katika nchi ambayo pombe ni haramu na hatari iko kila upande. Posho inajilimbikiza: kiwango cha AMISOM kilikuwa dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari kabla Umoja wa Ulaya haujapunguza mchango wake kwa asilimia 20 mwaka 2016, na serikali nazo zilikata chao kabla ya kumfikishia mwenyewe. Halafu siku moja yuko nyumbani, pesa mkononi, mwili haujui kwamba vita vimebaki nyuma. Mlango ukijibamiza anaruka. Mtoto akilia usiku yuko chini ya kitanda. Mke anaambiwa na majirani amshukuru Mungu kwa kuwa mume amerudi mzima.

Chupa ya kwanza humfaa kweli, na ni uongo kusema vinginevyo. Kileo hupunguza makali ya kengele iliyo kichwani na humlaza haraka. Shida iko nusu ya pili ya usiku. Kileo huzuia ule usingizi wa ndoto mwanzoni, ukija baadaye huja kwa fujo, ndoto zikiwa kali zaidi, na saa tisa za usiku mtu yuko macho, jasho limelowesha shuka. Kesho anahitaji zaidi kidogo kupata usingizi ule ule, kwa kuwa ubongo umeshajirekebisha kuishi na kileo. Anayeongeza kipimo kwa sababu ya ndoto anaziongezea ndoto nguvu.

Na hapo ndipo desturi ya mangwe inapovunjika. Mnywaji huyu hakai na watu. Wengi hustaafu wangali na nguvu na kuajiriwa ulinzi wa usiku katika nyumba za kifahari za Malindi na Watamu. Kazi hiyo wanaiweza kwa macho yaliyofumbwa, lakini pia huwapa kisingizio kamili cha kutolala usiku. Kichupa kidogo cha plastiki kiko ndani ya koti, mbwa yuko miguuni, redio inasema peke yake. Mzee wa Kigiriama angelitazama hilo na kuuliza: huyu anamfichia nani?

Hali ya askari huyu asiyelala kwa ndoto za vita ina jina lenye umri mdogo. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la Kiingereza juu ya askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona baada ya mizinga kulipuka karibu nao, na wakubwa wengi wakasema ni woga. Ilibidi isubiriwe hadi 1980 ndipo madaktari wa Marekani walipoingiza PTSD katika orodha rasmi ya maradhi, kwa msukumo wa maveterani wa Vietnam. Kwa Kiswahili wengi husema kiwewe.

Kipimo cha ulevi kinachotumika dunia nzima kilijaribiwa kwanza Kenya pia. Shirika la Afya Duniani lilipotaka maswali machache ya kumtambua mapema mtu ambaye pombe inaanza kumwumiza, lilikusanya data katika nchi 6: Australia, Bulgaria, Kenya, Marekani, Mexico na Norway. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Kipimo kinaitwa AUDIT, kina maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, na kwa kawaida anayefikisha 8 huambiwa akae chini azungumze na mhudumu. Kinauliza unakunywa mara ngapi, umewahi kushindwa kukumbuka ya jana, unahitaji kuzimua asubuhi ndipo uanze siku, kuna ndugu au daktari aliyekwambia upunguze.

Tatizo la Pwani ni swali la pili, linalotaka idadi ya vinywaji. Shirika hilo huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10 za kileo halisi. Nusu lita ya mnazi wa jioni wenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi, kwa hiyo ni vinywaji viwili. Mtu aliyemaliza lita mbili na nusu akijibu "kimoja tu, kibuyu" hajadanganya, ila amekunywa kumi.

Kuacha ghafla kunaweza kuua. Hili halisemwi vya kutosha, na mahubiri mengi ya kuacha pombe leo hii yanalipita. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kutetemeka huanza saa chache baada ya tone la mwisho, degedege laweza kufuata, na siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuweweseka, kuona visivyokuwepo, moyo ukamwenda mbio hadi kufa. Familia ya askari huweza kudhani vita vimemrudia kichwani. Hiyo ni kazi ya hospitali, si ya kufungiwa chumbani. Malindi ina Omari Project, iliyoanza miaka ya 1990 kwa ajili ya watumiaji wa heroini. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina kituo cha matibabu Miritini, Mombasa, na nambari ya simu ya bure, 1192. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Maveterani wa Kijeshi mwaka 2022, na chama cha DEFOCA kimekuwa kikiwakusanya wastaafu tangu kabla ya hapo.

Sheria ya pombe ya 2010, iliyopewa jina la mbunge Mututho, iligongana na saa ya mnazi. Iliamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Kwa bia ya chupa hilo ni usumbufu tu. Kwa mnazi ulioteremshwa alfajiri maana yake ni kumngoja mteja hadi kinywaji kiwe kikali kuliko kingekuwa saa nne. Wagema walilalamika kwa sababu ya pesa, nao wana haki, lakini hata kwa afya sheria hiyo haikuusaidia mwili wa mtu.

Na je, mtu wa Kaloleni aliwezaje kukataa mnazi bila kuwaudhi wazee? Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyeishi na Wagiriama miaka ya 1960 na kuandika juu ya minazi na mashahidi wake, aliwakuta vijana wenye bidii ya biashara walionunua minazi na mashamba. Mwenye mali alitakiwa kunywa na wazee na kuwanywesha, maana wao ndio mashahidi wake siku ya kesi ya shamba. Kunywa kungewafilisi, kukataa kungewatenga. Baadhi yao wakaugua. Mganga alipopiga ramli akagundua wamepandwa na pepo wa Kiislamu, asiyetaka mnazi wala nyama isiyochinjwa kihalali. Mgonjwa akavaa kanzu na kufunga Ramadhani kama tiba, bila mtu kumlaumu, kwani ni pepo aliyekataa, si yeye. Minazi yao ikaendelea kuingiza pesa.

Afande mstaafu wa siku hizi hahitaji pepo. Akisema mangweni kwamba yuko kwenye dawa za presha huachiwa soda yake, na anayetaka kujua ni dawa gani huambiwa na wazee anyamaze, amalize kilichomo kibuyuni mwake.